Namba ya Boti ya Topido

"Mafi namba, hakuna," alisema mzee Abu Faris, bosi wa kazi, akigonga ubavu wa boti kwa kidole. "Iko wapi, Nehemiah?"

Nehemiah alibaki ameshika kipande cha msasa. Tangu asubuhi alikuwa akiusugua ubavu huo wa kushoto kwa maji, taratibu, rangi baada ya rangi: nyeupe ya miaka ya karamu, kijani cha enzi boti ilipokuwa mgahawa hapo Jeddah, kisha kijivu cha vita. Ndani ya kijivu alikuta vizibo tisa vya mbao, kila kimoja kwenye tundu la risasi. Fundi aliyeviziba alikuwa na haraka lakini mkono wake ulikuwa mzuri, na Nehemiah alimpenda bure. Kisha zikatokea tarakimu mbili, 4 na 1. Ubao wa tarakimu ya tatu ulikuwa umebadilishwa zamani.

Mnunuzi alikuwa njiani kutoka Riyadh, akiwa na daftari la safari za boti za topido vitani, kila boti kwa namba yake. Angeinunua na kuikarabati hapo hapo, mradi namba ikamilike. La sivyo ingekatwa vipande, na Nehemiah angekosa kazi, na ikama yake, kibali cha kuishi nchini, ilikuwa imebakiza wiki mbili.

"Bro, msumeno uko kwa lori," alisema Griffins, dereva wa winchi. "Si ile side ingine ilikuwa na namba?"

"Ilikuwa nayo. Nikaimaliza."

Kwao Kakamega, anayepaka rangi juu ya rangi huitwa mvivu. Kwa hiyo siku ya kwanza alichukua mashine ya msasa akaukwangua ubavu mzima wa kulia hadi mbao tupu, kisha akapigwa picha akicheka. Sasa aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Baba," alimwambia Abu Faris, "namba niliifuta mimi. Sikujua."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa kanzu. "Halas, basi, imekwisha," alisema. Hakugomba, na hilo ndilo lililouma.

Griffins akaenda kuleta msumeno. Nehemiah alichota maji, akazunguka upande wa kulia. Hakutaka boti ikatwe ikiwa bado na vumbi la msasa wake. Alimwaga kikombe kimoja, cha pili, mbao zikaiva rangi ya chai. Ila kulikuwa na mahali palipokataa kuiva, pakabaki peupe, kwani mafuta ya rangi ya namba yalikuwa yamezama ndani ya mbao. 4. 1. Halafu 7.

"Baba! Yalla! Yalla!"

Hakuwa amewahi kumwambia bosi wake yalla, fanya haraka. Mzee alikuja mbio, ameshika pindo la kanzu, akasimama akihema.

"Saba," alinong'ona.

Lakini jua la alasiri halikungoja mtu. Ubao ulianza kukauka, mkia wa saba ukapotea. Gari la mnunuzi likapiga honi langoni. Griffins akatupa msumeno chini, akakimbilia bomba na ndoo ya pili, na Nehemiah akamwaga kikombe kingine, polepole, kuanzia juu.