Kioo Kilichogeuka Kahawia

Demetria Nandonde alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye maabara ya vinyama, vile vipande vidogo vinavyokatwa kwa wagonjwa ili vipimwe, na muda wote huo hakuwahi kuona jina la mtu wa kwao kwenye fomu. Jumanne ile aliliona. Stephano Nandonde, miaka hamsini na moja, mchonga vinyago, mkazi wa Chamazi. Kinyama kimetolewa nyuma ya ulimi, penye mafindofindo. Chini yake daktari wa koo alikuwa ameandika: saratani imethibitishwa, tunaomba kipimo cha p16.

Kwamba kaka yake anaumwa alijua. Yeye ndiye aliyemlazimisha kwenda hospitali baada ya kuona lile tezi la shingoni limefikia ukubwa wa limau na Stephano bado anasema ni mafua yaliyokomaa. Ambacho hakujua ni kwamba kile kinyama kingekuja kutua kwenye meza yake.

Alijua pia maana ya kipimo chenyewe. P16 ni protini. Kila mtu anayo kidogo mwilini, ila kuna saratani za koo zinazoletwa na kirusi, na hizo chembe zake hujaa protini hiyo. Ukizipaka dawa ya kipimo, zinageuka kahawia. Zile ambazo hazikuletwa na kirusi, nyingi zake za watu wavuta sigara, hubaki buluu. Ya kahawia husikia mionzi na dawa, na wagonjwa wake wengi hupona. Ya buluu nayo hutibiwa, lakini hurudi mara nyingi zaidi, na ikirudi hurudi kwa hasira.

Stephano alikuwa anavuta sigara tangu yuko kwao Newala, kabla hata hajaota ndevu.

Utaratibu ulikuwa wazi. Alitakiwa aende kwa Dokta Kokuberwa, mkuu wa maabara, amwambie, huyu ni ndugu yangu, kazi apewe mtu mwingine. Hakwenda. Aliogopa kwamba akipewa mtu mwingine atakaa siku kumi bila kujua. Akavaa glavu, akakata utando mwembamba kutoka kwenye nta iliyohifadhi kinyama, akaubandika kwenye kioo, akaanza kazi.

Mashine ya kupaka ilikuwa mbovu wiki hiyo, kila kitu kilifanywa kwa mkono. Alipofika kwenye kupima dawa, macho yake yalikuwa kwenye jina la fomu kuliko kwenye namba za kipimio. Akachanganya, akadondoshea kwenye vioo vitatu: cha kaka yake, na vingine viwili vya kulinganishia. Kati ya hivyo viwili, kimoja lazima kigeuke kahawia na kingine lazima kibaki buluu. Hivyo ndivyo mtu anavyojua kwamba dawa imefanya kazi sawasawa.

Saa saba mchana, wenzake walipokwenda kula, aliweka kioo cha Stephano kwenye hadubini. Alifumba macho kwanza. Alipoyafumbua, aliona kahawia. Kahawia tupu, kutoka pembe hadi pembe.

Vioo vile viwili vya kulinganishia hakuvitazama. Alitoka nje, akasimama nyuma ya tangi la maji, akapiga simu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Kaka, mie si daktari, na usimwambie mtu kama nimekupigia. Lakini nimekiona kipimo chako. Ni kahawia. Ni ile inayosikia dawa."

Alimsikia kaka yake akimwita mkewe, "Margareta! Margareta, njoo umsikie Deme!" na sauti yake ikakatika katikati, kwa sababu kulia na uvimbe wa koo haviendi pamoja.

Jumatano saa tisa alasiri, Dokta Kokuberwa alimwita ofisini. Vioo vitatu vilikuwa mbele yake, vimepangwa kwenye trei.

"Funga mlango," alisema. "Hivi umevipaka wewe?"

"Ndiyo, dokta."

"Njoo utazame hiki cha kulinganishia. Hiki kilichotakiwa kibaki buluu."

Demetria aliinama kwenye hadubini. Kilikuwa kahawia. Kahawia ileile, kutoka pembe hadi pembe.

"Dawa imewekwa kali mno," Dokta Kokuberwa alisema. "Naona mara kumi ya kiwango. Ukiweka hivyo, hata ngozi ya kuku itageuka kahawia. Majibu haya hayana maana, si ndiyo wala si hapana. Tunarudia upya." Aliitazama fomu, kisha akamtazama usoni. "Nandonde. Ni nani wako?"

"Kaka yangu. Tumbo moja."

"Umemwambia kitu?"

Alitamani kusema hapana, na neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni. Lakini aliona yule daktari ameshajua.

"Nilimwambia jana."

Dokta Kokuberwa alivua miwani, akaiweka juu ya meza. "Barua ya onyo utaipata. Hiyo ni ishu yangu mie na wewe. Sasa nenda kamwambie ukweli kabla hajafanya jambo."

Lakini Demetria hakwenda. Alirudi nyumbani kwake Kipawa, akakaa kitandani na simu mkononi, akiandika ujumbe na kuufuta. Atamwambiaje? Kwamba furaha ile ilikuwa kosa la mkono wake? Ndege zilipita chini kuelekea uwanjani, madirisha yakitetemeka, na kila ilipopita moja alijiambia, ikishapita hii napiga. Saa kumi na mbili jioni akampigia wifi yake, kwa sababu wifi alikuwa rahisi zaidi.

"Wifi, kaka yupo?"

"Yupo anafunga begi," Margareta alisema kwa sauti nyepesi, sauti ambayo Demetria hakuwa ameisikia tangu mwezi wa nane, tezi lilipotokea. "Kesho alfajiri anapanda basi la Newala."

"Newala? Si Ijumaa ana miadi ya mionzi? Si wanampimia barakoa ya kumshikilia kichwa?"

"Kaahirisha. Anasema ugonjwa wenyewe ni wa kusikia dawa, utasubiri korosho za shambani kwetu ziokotwe kwanza. Atarudi mwezi wa kumi na mbili. Mie nilimkatalia, akaniambia Deme anajua kuliko sie."

Demetria alihesabu kwa vidole. Miezi miwili. Uvimbe ule haukuwa wa kupewa hata wiki mbili, uwe kahawia au buluu. Na yeye ndiye aliyeupa ruhusa.

"Wifi, mzuie. Nakuja asubuhi."

"Kuna nini?"

"Mzuie tu," alisema, akakata simu.

Alfajiri wifi yake alimpigia kwamba Stephano ameshatoka kwenda kituoni, naye akachukua bodaboda. Alifika kituo cha Mbagala saa kumi na mbili kasoro robo, mabasi ya kusini yakiwa yamewasha injini na wapigadebe wakiita Lindi, Masasi, Newala. Alipanda basi la kwanza, akashuka. Akapanda la pili. Kaka yake alikuwa siti ya dirishani, kibegi mapajani, kitambaa kimezungushwa shingoni kuficha tezi.

"Deme?" Stephano alishtuka. "Nani kafa?"

"Shuka kaka. Tafadhali shuka."

"Nimeuliza nani kafa."

"Hajafa mtu. Kile kipimo nilikosea. Niliweka dawa vibaya. Ile kahawia si kweli."

Abiria wa siti ya mbele aligeuka kuwatazama. Stephano aling'ang'ania mpini wa begi kwa mkono wake mkubwa wa mchonga mpingo.

"Kwa hiyo ni ile nyingine," alisema polepole.

"Sijui. Hakuna anayejua. Wanarudia."

"Juzi uliniambia umeiona kwa macho yako."

"Niliiona. Nilitaka sana iwe hivyo, sikutazama vingine. Kaka, hata ingekuwa kahawia kweli, isingesubiri korosho. Hilo nalo sikukwambia. Kosa ni langu, lote."

"Juzi nimelala usingizi," Stephano alisema. "Unajua lini mara ya mwisho nililala? Nimelala kama mtoto, Deme. Sasa unaninyang'anya." Macho yake yalikuwa mekundu, na Demetria akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona utotoni kwao wala ukubwani: kaka yake anaogopa. Haikuwa hasira. Alikuwa anaogopa kama anavyoogopa yeye, na ndiyo maana alitaka kukimbilia korosho.

Kondakta aligonga bodi. "Sista, unasafiri au unashuka?"

"Tunashuka wote," Demetria alisema, ingawa hakuwa na uhakika.

Basi lilianza kusogea taratibu. Stephano alitazama nje dirishani, kwenye vumbi na vibanda vya chai. Kisha akasimama, begi likamgonga abiria wa pembeni, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akamshika dada yake mkono.

Margareta aliwakuta kituoni palepale. Alikuwa ameshaamua kuja mwenyewe kumshusha mumewe. Aliposimuliwa kilichotokea, hakumgombeza wifi yake. Alikaa kwenye benchi la mama ntilie, akasema, "Kwa hiyo tunarudi kule kwa kutojua."

Ijumaa Stephano alipimiwa barakoa ya plastiki, ile inayofungwa usoni ili kichwa kisitikisike wakati wa mionzi. Walipomkandamizia usoni ikiwa ya moto, alidhani pumzi inamkatika, akapiga teke kitanda. Demetria, aliyekuwa nje ya mlango, alimsikia.

Kipimo kilirudiwa na Tusajigwe, mwenzake wa meza ya pili. Demetria alikatazwa kusogea. Siku sita alizokaa chumba cha mapokezi ya sampuli, akibandika namba kwenye vichupa, alimwona Tusajigwe akipita na trei na hakuthubutu kumwangalia usoni, asije akasoma kitu.

Majibu aliyatoa daktari wa koo, mbele ya wote watatu.

"Ni hasi," alisema. "Protini ile haikujaa. Vioo vya kulinganishia viko sawa, nimehakikisha na Dokta Kokuberwa."

"Yaani buluu," Stephano alisema.

"Buluu. Maana yake hatuna nafasi ya kucheza. Mionzi siku thelathini na tano, na dawa ya dripu pamoja nayo. Sigara basi, kuanzia leo. Nimeshaona watu wa buluu waliopona, mzee. Si wote. Lakini waliopona wote walianza mapema na hawakukosa siku."

"Na mie ningekuwa Newala," Stephano alisema, na hakumtazama dada yake aliposema.

Hakukosa siku hata moja. Wiki ya tatu koo liliungua ndani, akawa anashindwa kumeza mate. Wiki ya tano alilishwa uji kwa mpira wa puani. Margareta aliandika namba ya kila siku ya mionzi kwenye ukuta wa banda la kuchongea, kwa mkaa, na ilipofika ishirini na nane Stephano alimwandikia kwenye daftari kwamba hataki tena, amwache afe. Margareta aliichana karatasi hiyo, akampigia Demetria, na wakamwingiza kwenye gari wakiwa wawili, mmoja kila bega.

Miezi minne baada ya mionzi walimpiga picha ya kichwa na shingo. Tezi halikuonekana. Nyuma ya ulimi palikuwa na kovu tu. Daktari aliingiza mpira wenye taa puani, akatazama muda mrefu, akasema haoni kitu, na akasema pia kwamba miaka miwili ya mwanzo ndiyo ya kuiogopa, hasa kwa buluu.

Walitoka nje hadi kwenye kivuli cha jengo. Sauti ya Stephano ilikuwa imebaki kama ya mtu anayenong'ona.

"Deme. Ingekuwa kahawia kweli, sasa hivi ningekuwa naogopa?"

Demetria alifikiri kabla ya kujibu. Alikuwa amejifunza hilo.

"Ungeogopa kidogo kuliko sasa, kaka. Lakini ungeogopa."

Margareta alifungua kadi ya kliniki kutazama tarehe. Wanarudi kila baada ya wiki sita. Wiki moja kabla ya kila miadi, wote watatu huacha kula vizuri, na Stephano huwa anajishika shingo kila dakika, akitafuta tezi upande wa kushoto, halafu wa kulia, halafu wa kushoto tena.