Sahani Inayorudi Imejaa

Mimi ni mpishi wa bwalo la chuo, na chakula changu kikirudi jikoni nakasirika, sifichi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza nimeshawazoea: wiki mbili wanadonoadonoa, wanawakumbuka mama zao, kisha wanakula hadi wanaomba ukoko. Binti mmoja hakubadilika. Wiki ya nne sahani yake bado ilirudi vilevile, wali umesukumwa pembeni, maharage hayajaguswa.

Nilidhani ananidharau. Nikapunguza chumvi. Nikaongeza chumvi. Mwisho nikaanza kumjazia, upawa juu ya upawa, nikijiona nimepata dawa. Kumbe nilikuwa namzidishia ugonjwa.

Jumatatu akaanguka darasani. Mlezi wa bweni akanifuata jikoni.

"Zahanati hawajaona kitu," alisema. "Asipokula hadi Ijumaa, namrudisha kwao. Na akirudi, mwaka wake umekwenda na maji."

Roho iliniuma. Nikamwita yule binti, nikamkalisha juu ya gunia la viazi.

"Mwanangu, chakula changu kina nini?"

"Kizuri, mama. Ila nikiwekewa sahani mbele yangu, koo linajifunga."

"Kwa nini?"

Akainama. "Nyumbani napakua mimi. Nina wadogo zangu sita. Nilikuwa nakula wakishashiba. Hapa napewa tu, nakaa. Nawaza, wale wamekula?"

"Si uwapigie simu?"

"Nawapigia kila siku. Wanasema wamekula. Kichwa kinaamini, koo linakataa."

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, nikajikumbuka mwenyewe. Miaka kumi na tisa sijaonja tonge kabla foleni haijaisha. Hata siku ya mapumziko, kwangu, naanza kula wajukuu wakishashiba, wananawa. Kama kuna mtu wa kumwelewa mtoto huyu ni mimi, na mimi ndiye niliyekuwa namtesa.

Kesho yake nikamfunga aproni, nikampa upawa. Sheria za jikoni zinakataza, nikajifanya nimezisahau. Alipakulia watu mia mbili, hakuna aliyepunjwa, na wajanja waliotaka kupita mara mbili aliwarudisha kwa jicho tu. Foleni ilipoisha akachungulia ukumbini.

"Wote wamepata?"

"Wote."

Akajipakulia kidogo kwenye kifuniko cha sufuria, akala amesimama. Vijiko vitatu. Nilijishughulisha na masinia ili asione ninavyomhesabia. Jumatano alimaliza nusu sahani. Alhamisi akaniambia, bila haya, kwamba maharage yangu hayakuiva vizuri. Nilifurahi kama nimesifiwa.

Ijumaa baada ya foleni mlezi aliingia na barua ya kumrudisha nyumbani. Binti alikuwa ameketi mezani kwetu wapishi, yuko kwenye sahani ya pili. Alipomwona mlezi alitaka kuinuka amwamkie, mdomo umejaa. Nikamkandamiza bega, akakaa.

"Dada, kaa usubiri," nikamwambia mlezi. "Mtoto anakula."