Mboji Hai na Ile Nyingine

Saa moja asubuhi, gunia la mboji lenye stika ya kijani ya kilimo hai lilikuwa limeegemea ukuta wa baraza. Halikuwa la mama wa nyumba hiyo. Yeye alikuwa ameuzia vitalu vya miche mboji yake kwa miaka mingi, hata mtaa mzima ukamwita Mama Mboji. Gunia lile lilitoka kwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyejifunzia kazi hiyo uani kwake.

"Baba watoto, hili limefuata nini hapa?"

"Dada kanipa nijaribie kwenye vyungu," mumewe alijibu, macho kwenye kikombe cha chai. "Na wewe uombe cheti cha kilimo hai. Kile kitalu kikubwa siku hizi kinataka mboji hai tu."

"Yake hai. Yangu maiti?"

Mume akajimiminia chai nyingine. Hakuwa ameoa jana.

Kilichomzuia Mama Mboji kuomba cheti kilikuwa sharti moja: nyasi za uwanja wa mpira zisiingie kwenye lundo, maana hakuna ajuaye zimepuliziwa nini. Nyasi hizo, alizoletewa bure, ndizo zilizokuwa nusu ya mboji yake. Kwa kila aliyemuuliza alikuwa na jibu lilelile: lundo lake hupata joto hadi fimbo ya chuma iliyochomekwa ndani haishikiki, na moto ule huua kila kitu. Ila lililomchoma zaidi ni kwamba wanunuzi walikuwa wameanza kumwita wifi Mama Hai.

Akaamua kumuumbua. Kopo moja alilijaza mboji ya wifi, jingine yake, akapanda maharage kwenye yote mawili na kuyaweka dirishani. Alitaka ushahidi, si maneno.

Wiki ya tatu ushahidi ukapatikana. Maharage ya wifi yalikuwa na majani mapana yaliyokunjuka vizuri. Ya kwake yalikuwa yamejikunja kama vikombe, mashina yamepinda. Akainua makopo na kusoma alama alizoandika chini kwa mkaa. Hakuwa ameyachanganya. Majani ya namna ile alishayaona kando ya mashamba yaliyopigwa dawa ya magugu.

Lori la nyasi likapiga honi getini.

"Mama Mboji, fungua! Mzigo huu hapa."

"Leo sipokei."

"Makubwa! Umeshiba nyasi?" Dereva akacheka. "Basi nampelekea wifi yako. Jana alinisimamisha njiani, majani yamemwishia. Hakuuliza ni za wapi, nami sikumwambia."

Mkono wa Mama Mboji ulibaki kwenye komeo. Mtaani husema adui yako mwombee njaa. Yeye hakuhitaji hata kuomba. Stika ingebanduliwa, na Mama Hai angezikwa nayo.

"Mpelekee," akasema.

Lori likakata kona. Aliporudi ndani akayakuta maharage dirishani. Mboji ya namna ile ingefika kwenye vitalu vya watu, kama yake ilivyokwisha kufika. Akachukua simu.

"Wifi, lori la nyasi linakuja kwako. Usifungue geti. Ni za uwanja wa mpira, zina dawa ya magugu."

"Heee! Si ndizo hizohizo unazotumia wewe?" Wifi akacheka. "Sema tu wivu umekushika, wifi yangu."

"Wivu ninao, tena tele. Na dawa imo. Njoo uone maharage yangu."

Kicheko kikakatika. Honi ikasikika ndani ya simu.

"Ndilo hilo limefika," wifi akasema kwa sauti ya chini. "Kweli, wifi?"

"Kweli. Lirudishe, halafu unitumie namba ya mkaguzi wako wa cheti. Naanza lundo jipya."

Saa nne kasorobo lori lilipita tena mbele ya geti la Mama Mboji, limejaa kama lilivyokuja.