Asali Kidoleni

"Kumi na tisa! Sukari kumi na tisa, Mama! Umeona sasa?" Kifungua mimba wa Mama Keki alimnyooshea mama yake mashine ya kupimia sukari usoni. "Oveni inaondoka leo. Basi, imetosha."

Mama Keki alishika kidole kilichotobolewa. Oveni hiyo ndiyo iliyomlea huyu huyu anayetaka kuing'oa, tangu baba yake afariki. Na mlangoni wabebaji wawili walishakunja mikono ya mashati. Jamani, adabu imeenda wapi? Mtu anavamiwa jikoni kwake, aproni iko kiunoni, keki ya watu iko mezani!

"Sukari ninayo, sijakataa," alisema. "Vidonge nameza, kutembea natembea, keki zenyewe sionji. Lakini kumi na tisa? Tangu lini?"

"Mashine haidanganyi."

Mama Keki alijitazama vidole. Vilikuwa vinanata. Kijana alipoingia mbiombio na mashine yake, alimkuta akiipaka keki asali, naye alijifuta kwenye aproni tu. Mama Keki akaangua kicheko mpaka wabebaji wakatazamana.

"Hivi wewe, nesi alituambia nini siku ya kupewa hicho kidude? Kwenye kijiti cha kupimia kuna kimeng'enya, cha ule ukoo ambao kazi yake ni kuoksidisha sukari, yaani kuinyang'anya elektroni. Kikiikuta glukosi kinaishambulia, mashine inasoma. Hakiulizi imetoka kwenye damu au kwenye asali. Umepima keki, baba!"

"Mama, usinizungushe."

"Nani anakuzungusha? Lete kijiti kingine."

Alinawa kwa sabuni, akajikausha vizuri, akajitoboa mwenyewe kidole cha pili. Wote wanne wakainamia kioo. Saba nukta nane.

"Bado iko juu kidogo," kijana alisema, sauti imemwishia.

"Iko juu. Ni yangu, naijua, nahangaika nayo kila siku. Oveni imekukosea nini?"

Kijana akakaa kwenye gunia la unga. "Naogopa, Mama. Baba aliondoka hivi hivi."

Moyo ulimuuma Mama Keki, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Baba yako walimwambia apumzike, akakaa kwenye kile kiti mpaka tukamzika. Mimi sikai." Akawageukia wabebaji. "Na nyie mliokunja mikono, naweni. Nisaidieni kuingiza hizi trei, moto umeshakolea."

Wa kwanza kwenda bombani alikuwa mwanawe.