Mifuko ya Abdurahim

Abdurahim alirudi Majengo kutoka hospitali akiwa hai, na kwa hilo mkewe Muhiba alipika chungu cha wali akagawia majirani sadaka. Madaktari walikuwa wamemkata kipande cha utumbo kilichokuwa na uvimbe mbaya, wakamtoboa tundu dogo tumboni, upande wa kushoto. Tangu siku hiyo choo chake kilitokea pale, bila yeye kuweza kukizuia, kikaingia katika mfuko wa plastiki uliobandikwa kwenye ngozi.

Hospitali ilimpa mifuko michache ya kuanzia. Mingine iagizwe mjini katika duka la dawa, waliambiwa, kwa kuwa haitengenezwi nchini. Huja kwa meli kutoka Ulaya. Huo ulikuwa mwanzo wa mwaka wa themanini na mbili, na vitu vya nje vilikuwa adimu.

Aliyekwenda kuagiza ni binti yao, Kibibi. Dukani alihudumiwa na dada mmoja aliyeitwa Perez, mpole, mwenye miwani.

"Mwezi ujao itakuwa imefika," Perez alimwambia.

Mwezi ujao ulipofika, meli ilikuwa bado njiani. Baadaye meli ikafika Mombasa, lakini mzigo ukakwama bandarini ukingoja kibali. Kibali kilipotoka na katoni kufunguliwa, mifuko iliyomo ilikuwa midogo, ya watoto wachanga. Perez aliirudisha ndani ya katoni.

"Pole sana, dada. Inabidi tuagize tena."

Kibibi alirudi Majengo kwa miguu, akiwaza atamwambiaje baba yake.

Abdurahim alikuwa na duka la viungo na nazi. Watu walimpenda kwa usafi wake. Kanzu yake haikuwa na doa, na ukipita karibu naye ulisikia harufu ya iliki na karafuu. Sasa Muhiba alikuwa akiiosha ile mifuko michache kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, anaianika ndani kwa ndani, kisha mumewe anaivaa tena. Plastiki ikachakaa. Gundi ikaisha nguvu. Asubuhi moja, Abdurahim alipokuwa akimpimia mteja bizari, mfuko ulibanduka. Mteja yule alikuwa mwanamke mtu mzima. Aligeuka akajifanya anatazama barabarani. Abdurahim aliweka mizani chini, akafunga duka, akaingia chumbani kwake.

Hakutoka tena. Msikitini hakwenda, barazani hakukaa, na wageni waliokuja kumjulia hali waliambiwa amelala. Jioni moja alimwambia mkewe, "Mama Kibibi, katandike chumbani kwa mtoto. Hapa pananuka."

Muhiba alikwenda akajitandikia kama kawaida, upande wake wa kitanda.

"Hukunisikia?"

"Nimekusikia. Nilipomzaa Kibibi nikapata homa ya uzazi, nani aliyekuwa akinibadilisha nguo? Mama yako alitaka kuita mkunga, ukamkatalia. Nilikuwa nanuka waridi siku zile, Baba Kibibi?"

Abdurahim akageukia ukutani. Muhiba akauweka mkono wake mgongoni mwake, na hakuuondoa mpaka alipomsikia anakoroma.

Kesho yake Muhiba alimwendea jirani yake Nthoki, mama wa Kikamba aliyekaa nyumba iliyotazamana na yao. Kwa mara ya kwanza alimweleza mambo yalivyo. Nthoki alisikiliza, halafu akamshika mkono.

"Hii yote umeibeba peke yako? Na mimi niko hapa?"

Wakaketi pamoja uani, wakakata bafta, kitambaa laini cha pamba, wakaikunja tabaka kwa tabaka, chini wakashonea nailoni, kisha wakatia ukanda wa kufungia kiunoni, iwe pedi ya kufunika tundu badala ya mfuko. Ya kwanza ilivuja. Ya pili ilimkwaruza ngozi. Waliendelea kufumua na kushona hadi wakapata iliyokaa vizuri, nao wakashona nyingine za kubadilisha. Haikuwa kama mifuko ya Ulaya. Ilitaka kutazamwa kila mara. Lakini Abdurahim alipoivaa, alivuka mlango akaketi uani juani, macho ameyafumba.

Lililobaki lilikuwa harusi. Kibibi alikuwa ameposwa na Saad, kijana karani wa ghala moja kule Industrial Area, na nikaha ilipangwa kufungwa msikitini mwezi wa Shaabani.

"Ndugu yangu wa Mombasa nitamweka yeye awe wakili wangu, aozeshe," Abdurahim alisema. "Mimi sitaweza kukaa mbele za watu."

"Basi nitangoja mpaka mifuko ifike," Kibibi akasema.

"Harusi haiahirishwi kwa ajili ya mfuko!"

"Mfuko ni wako, baba, na baba ni wangu. Sitaki kuozwa na mtu mwingine."

Abdurahim alitaka kukasirika, akashindwa.

Muhiba ndiye aliyekwenda kwa Sheikh Idarusi, imamu wa msikiti wao. Sheikh alikuja mwenyewe, akaketi karibu na Abdurahim.

"Mbona hukuniita? Mwenye udhuru ana ruhusa yake. Swali hapa nyumbani na usijitese. Na nikaha haina sharti la msikiti. Tutakufuata wewe."

Basi siku ya nikaha watu wakaja kwake. Wanaume walijaa chumbani na ukumbini, ubani ukifuka, wanawake wakisikiliza nyuma ya pazia. Abdurahim, katika kanzu mpya, alikaa magoti kwa magoti na Saad, wakashikana mikono. Alianza, "Nimekuoza binti yangu Kibibi..." na hapo hapo tumbo lake likalia. Sauti ilikuwa kubwa, ndefu, na kila mtu aliisikia.

Abdurahim akakatisha maneno, akajaribu kuuvuta mkono wake. Saad hakuuachia. Aliukamata kwa mikono yote miwili.

"Endelea, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Nakusikiliza."

Abdurahim alivuta pumzi, akaanza upya, na safari hii akafika mwisho bila kukwama. Saad alipoitika, "Nimekubali kumuoa," vigelegele vilivuka pazia, na kigelegele kilichozidi vyote kilikuwa cha Nthoki.

Mifuko ilikuja siku chache kabla ya Ramadhani. Perez hakungoja Kibibi aifuate. Alifunga kazi Jumamosi mchana, akaibeba katoni hadi Majengo, akiuliza nyumba kwa nyumba mpaka akafika.

"Hii ni saizi yenyewe, nimefungua nikaangalia," alisema mlangoni. "Na nyingine nimeshaiagiza, isije ikachelewa tena. Ingawa itachelewa tu."

Muhiba alicheka, akamvuta ndani, akamwambia haondoki bila kula. Abdurahim alisimama mwenyewe akachukua birika na beseni, akamnawisha mgeni mikono, huku akimuuliza kwao ni wapi na kama wazazi wake hawajambo.