Sahani Nne Mbugani

Usiku wa kuamkia leo niliota niko uani kwa muuza plau, nimekaa juu ya kigoda changu cha jikoni, na mume wangu Baba Gindu anasalimiana na plau, moja baada ya nyingine, akiinama kidogo kama anayesalimia wakwe.

Kabla sijaendelea, mjue tulivyolala. Tuna trekta. Si jipya, lakini ni letu, lina nguvu ya farasi hamsini, na leo tulikuwa twende mjini kulitafutia plau. Baba Gindu alishaamua kuwa tunachukua plau ya sahani nne, zile sahani kubwa za chuma zinazozunguka huku zikikata udongo. Kwa nini nne? Kwa sababu jirani yetu Ng'wanamashalla ana tatu. Sisi Wasukuma tukitaka kujua heshima ya mtu tunahesabu ng'ombe wake, na mume wangu anahesabu sahani za plau kama yuko mlangoni mwa zizi. Nampenda sana mwanamume huyu, lakini hiyo si hesabu ya trekta.

Shamba letu la juu ni luseni, kichanga chepesi ambacho hata kuku anakilima. Bondeni ni mbuga, ule udongo mweusi ambao ukikauka ni jiwe na ukilowa ni gundi. Kati ya jiwe na gundi kuna siku chache tu za kuulima. Mbuga ile ni yangu, nilipewa na baba yangu mzazi, na tangu nizaliwe sijaiona imelimwa yote. Ng'ombe walikuwa wanaikwaruza ukingoni, wanachoka, tunarudi nyumbani. Mwaka huu nilitaka niione imefunguka kutoka ukingo hadi ukingo. Trekta likizama mle na sahani nne, zile siku zitapita, na msimu utakuwa umekwenda. Hayo niliyajua jana jioni mume wangu alipokuwa anaongea na wageni uani. Nilipita na uji, nikanyamaza.

Basi, niko uani kwa muuza plau. Muuzaji mwenyewe hayupo. Ameacha koti lake kwenye kiti, na koti ndilo linalouza.

“Karibuni,” linasema koti. “Hapa bidhaa ikishatoka hairudi.”

Plau ya kwanza ni ya bawa, kama ile ya ng'ombe ila kubwa. Inatutazama kwa madaha.

“Mimi nageuza udongo,” inasema. “Cha juu chini, cha chini juu. Majani yanalala yakiwa hai, yakiamka ni mbolea.”

“Na mbugani?” nikaiuliza.

Plau ikakohoa. “Mbugani udongo hunishika shavu, hauachii. Safari ya mwisho nilirudi nyumbani na robo ekari usoni.”

“Hii ina sahani ngapi?” akauliza Baba Gindu.

“Haina hata moja,” likajibu koti.

“Twende mbele.”

Mbele imekaa plau ya sahani nne, juu ya mkeka, nayo haikuinuka kutupokea.

“Sisi tuko nne,” ikasema sahani ya kwanza.

“Naona,” akasema Baba Gindu, na macho yakamng'aa kama siku ile ya harusi yetu. Nikaona wivu kidogo.

“Mnaweza kulima mbuga?” nikauliza.

“Tunalima popote,” ikasema ya pili.

“Tukivutwa,” ikasema ya tatu.

“Mkivutwa na nani?”

Zikatazamana. “Hilo si letu,” ikasema ya kwanza. Sahani ya nne ilikuwa imelala, tena inakoroma.

Koti likasema sheria ya hapa ni kwamba plau haitoki mpaka farasi waridhie. Baba Gindu akasema farasi wapi, sisi tuna trekta. Koti likanyoosha mkono wake mtupu kuelekea boneti ya trekta letu, lililokuwa limesimama getini. Nikasimama, nikaifungua, nikaingia.

Ndani ya boneti ni jikoni kwangu. Farasi hamsini wamekaa chini wanakunywa uji, kwa bakuli zangu, na wawili wanakunywa kwa sufuria kwa sababu bakuli hazikutosha. Sikuwahi kuona farasi maishani mwangu, nikajifanya nimezoea. Jike mmoja mwenye mvi, aliyeonekana kuwa mwenyekiti wao, akaniamkia.

“Mwangaluka, Mama Gindu.”

“Mwangaluka. Uji una sukari?”

“Inatosha. Tunaambiwa mnataka kutufunga plau.”

“Ya sahani nne,” akasema Baba Gindu, ambaye alikuwa ameshafika, na kofia ameivua.

Wale farasi wakaacha kunywa. Mwenyekiti akaweka bakuli chini polepole.

“Baba, tusikilizane,” akasema. “Kule kwenye luseni, sahani moja wanaivuta farasi kumi na watano huku wanapiga soga. Mbugani, sahani hiyohiyo inataka farasi ishirini, na hapo hakuna soga. Nne ni farasi themanini. Sisi tuko hamsini, na yule wa pale pembeni anaumwa mgongo. Mtatuongezea thelathini?”

Baba Gindu akafikiri. “Tutawaongezea moyo.”

“Moyo hauvuti plau,” akasema farasi.

“Mimi nilivyowaona mko wengi…”

“Tuko wengi jikoni. Mbugani tuko wachache.”

Nilimwonea huruma mume wangu, kwa sababu kushindwa hoja na mnyama mbele ya mkeo si jambo dogo. Nikasema niwaongezee uji. Nilipogeuka kuchukua upawa, jikoni pakawa bondeni.

Mbuga ni mbichi. Mvua haijanyesha, lakini ni mbichi, nyeusi, imetulia, na mimi nimeshika upawa. Hakuna aliyeshangaa, kwa hiyo na mimi sikushangaa.

“Mnatoka wapi?” ikauliza mbuga.

“Nyumbani,” nikasema.

“Tutaona.”

Bwana shamba alitufundisha namna ya kuujua udongo. Unachota kidogo, unaulowanisha, unausokota kamba, halafu unaipinda pete. Ikikatika, huo ni kichanga. Ikikubali kuwa pete, huo ni mfinyanzi. Mbuga nayo inajua kipimo hicho. Ikanichota mimi, ikanilowanisha, ikanisokota kati ya viganja viwili vikubwa, ikanipinda hadi pua ikagusa visigino. Sikukatika. Kusema kweli, kiuno kilipata nafuu.

“Mfinyanzi,” ikasema mbuga. “Wewe ni wa hapa.” Ikaniweka chini kwa adabu.

Ikamchota Baba Gindu. Alipofika nusu ya kupindwa akakatika kiunoni, vipande viwili, bila damu.

“Luseni,” ikasema mbuga.

“Mimi ni mtoto wa hapahapa!” kikasema kipande cha juu.

“Wa kule juu kilimani, kwa baba yako. Huku uliolea.”

Kipande cha chini kilikuwa kimeshaanza kutembea kuelekea kwenye trekta. Nikakikimbilia, nikaviunganisha, nikamfunga kanga kiunoni ili ashikamane. Mbuga ikasubiri tumalize.

“Jambo moja tu,” ikasema. “Kwangu watu huvua.”

“Huvua nini?” nikauliza.

“Kilichozidi.”

Baba Gindu hakusikia, au alijifanya hakusikia. Alikuwa ameshapanda trekta na viatu vyake vya mpira, kanga kiunoni, sahani nne nyuma, kifua mbele. Akaingia. Tairi za nyuma zikazunguka, zikazunguka, trekta likawa linachimba mahali palepale kama kuku anayetafuta pa kutagia. Likashuka taratibu, bila kelele, hadi kwenye boneti.

“Samahani,” likasema trekta. “Nimefika.”

Farasi wakatoka mmojammoja na bakuli zao, wakasimama juu ya boneti, wakatazama chini. Hakuna aliyesema tulikwambia. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Hapo ndipo nilipoziona siku. Zile siku chache za kulimika mbuga zilikuwa zinapita kandokando ya shamba, kwa mstari, wote wanawake, kila mmoja na ndoo kichwani.

“Hamlimi?” akauliza wa kwanza.

“Bado kidogo,” nikasema.

“Haya, kwaherini,” akapita.

Akapita na wa pili, na mwingine, na mwingine. Niliwaita, nikawaambia wakae kidogo, chai iko jikoni. Wakasema siku haikai. Wa mwisho alikuwa nyuma ya wenzake kwa sababu kanga yake ilikuwa imelegea, na alikuwa ametua ndoo ili aifunge vizuri. Nilijua akimaliza kufunga anaondoka, na hakuna mwingine nyuma yake. Niliingiwa na hofu ambayo sijawahi kuipata nikiwa macho.

“Mwenye shamba anasemaje?” ikauliza mbuga.

“Mimi nasema…” akaanza Baba Gindu, udongo ukiwa umemfika kifuani.

“Nimemuuliza mwenye shamba.”

Farasi hamsini wakanitazama. Sahani ya nne ikaacha kukoroma. Hata yule mwanamke wa mwisho aliinua uso, fundo la kanga likiwa mkononi. Nami nikasema.

“Baba Gindu, sahani nne sizitaki. Nataka plau ya sahani tatu, ile ambayo moja inafunguliwa. Kule juu kwenye luseni tulime na zote tatu, na Ng'wanamashalla atazame mpaka achoke. Tukishuka huku, moja tuivue, tuingie na mbili. Hutapungukiwa heshima, nitaibeba hiyo moja mimi mwenyewe kichwani. Nataka nione shamba la baba yangu limelimwa lote. Jana nilikuwa nalo hili mdomoni, nikaona haya mbele ya wageni, nikapita na uji.”

Baba Gindu akajichomoa kwenye udongo. Kisha akashuka kwenye trekta. Akavua kiatu kimoja cha mpira, akavua na cha pili, akaviweka pembeni vikiwa vimepangana vizuri, kama anavyovipanga mlangoni kwa mama yangu. Akatembea peku matopeni hadi nyuma ya plau. Nikampa upawa. Kwa upawa ule akafungua nati, akaitoa sahani moja, akaitoa na ya pili.

“Tumefika?” ikauliza ile ya nne, ndiyo kwanza inaamka.

“Wewe umefika,” akaijibu, akaiegemeza kwenye kichuguu ipate kivuli.

Trekta likapumua. Likapanda juu lenyewe, tairi moja kisha nyingine, kama mtu anavyotoka kwenye kochi la ugenini. Farasi wakarudi ndani ya boneti, wakinikabidhi bakuli wakipita, na yule jike mwenye mvi akaniambia sukari ilikuwa sawasawa. Baba Gindu akapanda, peku, akatia gia.

Mbuga ikafunguka.

Ilifunguka nyuma ya zile sahani mbili kwa mabonge mapana yanayong'aa, ikilala upande mmoja kwa raha, na harufu yake ikapanda, ile harufu ya kisima kipya. Trekta halikukimbia wala halikulalamika. Lilikwenda hadi ukingo wa mwisho, kule ambako ng'ombe wetu hawakuwahi kufika, likageuka, likarudi. Yule mwanamke wa mwisho akaiacha kanga yake, akakaa juu ya ndoo, akatazama.

“Sina haraka kiasi hicho,” akasema.

Nililia, jamani. Nililia huku nacheka, nikajifuta kwa mkono wenye udongo. Baba Gindu akapita mbele yangu juu ya trekta, akapunga mkono kama waziri, akapiga kelele, “Mama Gindu! Mbili tu hizi!” Alikuwa na furaha kuliko ya sahani nne. Nikamjibu kitu, sikumbuki nini, na mbuga ikatuambia twende taratibu, kwamba bado iko.

Nikaamka. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Baba Gindu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo, anajikuna kiuno.

“Mama Gindu.”

“Abee.”

“Huko mjini tutachukua plau ya sahani tatu. Ile ambayo moja inafunguliwa. Tukishuka mbugani tunaingia na mbili.”

Nilikaa kitandani. Jana yote hakuna aliyemwambia jambo hilo, si mimi, si wale wageni. Nikajikaza, nikauliza kwa sauti ya kawaida.

“Umeambiwa na nani?”

Hakugeuka. Alikuwa ananyoosha miguu gizani kutafuta ndala zake, na mguu wa kulia ukafika pale mwanga wa dirisha ulipoanguka.

“Na mwenye shamba,” akasema.

Kati ya vidole vyake kulikuwa na udongo mweusi, mbichi, unaong'aa. Huku kwetu mvua haijanyesha tangu mwezi wa tano. Nikaenda kumtengea maji ya kuoga, na beseni dogo la miguu.