Bima Iliyokufa Nusu

Kila mwaka Nelima alilipia bima ya pikapu yake bila kuchelewa. Alikuwa akibeba vitunguu kutoka Chwele hadi Kitale. Kwa hiyo siku pikapu hiyo ilipomgonga Jotham, mwendesha bodaboda, na kumvunja mguu, alisikitika sana lakini hakuogopa. Mahakama ya Kitale iliamuru Jotham afidiwe. Kampuni ya bima ingelipa.

Haikulipa. Nelima alijua hivyo siku madalali wa mahakama walipokuja kwake kuchukua pikapu.

"Mimi si niko na bima!"

"Mama, hukumu iko kwa jina lako."

Alikimbilia ofisi ya kampuni huko Kitale, akakuta kufuli. Wakili mmoja, Jerop, ndiye aliyemweleza: kampuni imeishiwa pesa na kuwekwa chini ya msimamizi, malipo yote yamesimamishwa, na Mahakama Kuu imeamuru wateja wa kampuni wasisumbuliwe kwa sasa.

"Na hakuna mtu aliniambia?"

"Ilitangazwa kwa gazeti, mama."

"Gazeti gani inafika soko ya Chwele, bana?"

Jerop alipeleka ombi mahakamani, na mnada wa pikapu ukazuiwa. Nelima alitoka akimshukuru Mungu, lakini mlangoni alimkuta Jotham amesimama kwa magongo.

"Mama, sheria imekulinda. Na mimi je? Chuma bado iko ndani ya mguu."

Nelima akarudi naye ndani kwa Jerop.

Jerop aliwaambia kuna mfuko wa kuwafidia watu kampuni ya bima ikianguka. Wakaenda pamoja ofisi ya mfuko huo, wakajaza fomu, wakapanga foleni mpaka saa nane. Karani akazirudisha.

"Mfuko unalipa watu baada ya kampuni kufungwa rasmi. Hii bado iko na msimamizi."

"Kwa hivyo haijakufa vya kutosha?" Nelima aliuliza kwa sauti ya juu. Karani akamwita anayefuata.

Wiki hiyo Nelima aliuza ng'ombe wa maziwa, akalipia upasuaji wa Jotham. Mumewe alilala sebuleni siku tatu.

Kampuni ilifungwa mwaka uliofuata. Fomu zikajazwa upya, na baada ya miezi mingine tisa Jotham akapiga simu.

"Mama, pesa imeingia. Lakini ati mfuko uko na kiwango, hawapiti hapo. Haifiki nusu ya ile mahakama ilisema."

Nelima alishika simu sikioni, asijue ampe hongera au pole.